Umeme ukikatika, chomoa kwanza: tuongee kuhusu grainda, drili na misumeno kabla vidole havijapotea zaidi

FundiMagomeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma hapa Mtwara mjini, na pembeni nina meza ya useremala. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye kazi hii. Naandika kwa sababu ya jambo lililotokea bandani kwangu mwezi uliopita, na kwa sababu kila nikipita Chikongola au Majengo naona vijana wakifanya kilekile kilichotuumiza sisi.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kijana wangu alikuwa anakata bomba la mraba kwa grainda ndogo. Umeme ukakatika kabla hajamaliza kukata. Akaitoa diski kwenye chuma, akailaza grainda mezani, akaenda kupumzika chini ya mwembe. Swichi ya ile grainda ni ya kusukuma mbele na inajifunga, yaani ukiondoa kidole mashine inaendelea. Hakuirudisha nyuma. Plagi pia hakuchomoa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa napima fremu hatua nne tu kutoka pale, na sikumwambia neno.

Zikapita kama dakika 40. Akarudi mezani kuchukua penseli. Mkono wake ukiwa juu ya meza, umeme ukarudi.

Grainda iliyolazwa ikipata umeme ghafla haitulii pale ilipo. Ukingo wa diski unashika ubao kama tairi linavyoshika barabara. Ilikimbia, ikavutwa na waya wake wenyewe, ikageuka na kumpitia chini kidogo ya kiwiko. Mpaka namaliza kuchomoa plagi, damu ilishafika sakafuni. Alishonwa nyuzi 11, na kidole chake cha mwisho bado hakikunji vizuri. Ana miaka 20.

Tangu siku hiyo bandani kwangu kuna utaratibu mmoja ambao hata mteja anaujua: umeme ukikatika, swichi kwanza, plagi ya pili, kivuli baadaye. Hakuna anayeondoka mezani kabla ya hivyo viwili. Na plagi inachomolewa vilevile kabla ya kubadilisha diski, kabla ya kubadilisha biti, kabla ya kugusa kaboni (vile vijiwe vyeusi vinavyopitisha umeme kwenye mota), kabla ya kusafisha. Ukikumbuka watu waliokatwa na mashine unaowajua, utakuta wengi hawakuumia wakati wanakata. Waliumia walipokuwa "wanarekebisha kidogo tu".

Wenye mashine za betri, kwenu plagi ni betri. Itoeni.

Kuna grainda zinazouzwa sasa ambazo umeme ukirudi haziwaki mpaka urudishe swichi nyuma na kuiwasha upya. Ukinunua mpya muulize muuzaji kuhusu hilo, kisha ijaribu hapohapo dukani: iwashe, zima soketi ukutani, washa soketi tena. Ikinguruma yenyewe, ujue haina.

Karibuni mchangie. Nitajibu nilichonacho.

---

Mzee_wa_Geti

Pole sana kwa kijana. Ila mkuu, sisi tuna miaka mingi tunakata bila gadi, kile kikinga cha chuma kinachofunika diski, na hatujafa. Gadi inaziba, huoni mstari. Na diski kubwa ya inchi 9 ukiifunga kwenye grainda ndogo inakata bomba nene mara moja, huhitaji kuzungusha.

---

FundiMagomeni

Kaka Mzee_wa_Geti, nakuheshimu, na najua unachosema kinafanyika mji mzima. Lakini hili la diski kubwa naomba tulitazame kwa hesabu.

Chukua diski yoyote ya kukatia, soma maandishi yake. Utakuta 80 m/s. Huo ndio mwendo wa juu kabisa wa ukingo wa diski, sawa na kilomita 288 kwa saa. Kwa diski ya milimita 115 mwendo huo unafikiwa kwenye mizunguko kama 13,300 kwa dakika, na grainda ndogo inazunguka kama 11,000. Uko salama, na nafasi imebaki.

Diski ya milimita 230, ile ya inchi 9, inafikia mwendo huohuo kwenye mizunguko 6,600 tu. Ndiyo maana grainda yake ni kubwa, nzito na ya taratibu. Sasa wewe umeifunga kwenye mashine ya 11,000. Ukingo unakwenda mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Diski ni mchanga mgumu ulioshikwa na gundi na wavu wa nyuzi, na imepitishwa mbali kabisa na kiwango chake. Tena gadi umeitoa, maana bila kuitoa isingeingia. Siku itakayopasuka, vipande vinarukia usoni, tumboni au kwa mtoto anayepita barabarani.

Kuhusu kuona mstari: gadi inazungushwa. Ilegeze, igeuze mpaka upande uliofunikwa uwe wako na cheche ziende mbele, kisha kaza. Inachukua nusu dakika.

Na diski ina umri. Pale katikati kwenye kile kipete cha chuma kumegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe. Gundi inachoka, na huku kwetu pwani unyevu unaichosha haraka zaidi. Mimi diski zangu zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, zimelala juu ya kibao bapa. Nikifunga mpya naiacha izunguke bure nusu dakika, nimeielekeza mahali pasipo na mtu, mimi nimesimama pembeni. Nisisimame kwenye mstari wa diski.

---

SeremalaMasasi

Naomba niongezee la useremala maana ndilo lililonipata mimi. Kuna hizi bledi za meno za kukatia mbao ambazo watu wanazifunga kwenye grainda. Msifunge. Nilikuwa napasua ubao wa mkongo, na mkongo mnaujua ulivyo mgumu. Jino likanasa, grainda ikarudi nyuma kwa nguvu yake yote na ikanikuta kwenye mkono wa kushoto, mfupa ukaonekana. Grainda haina kitako cha kulala juu ya ubao kama msumeno wa mviringo wa umeme, haina kinga inayojifunga yenyewe, na inazunguka kwa kasi kupita ile ambayo bledi nyingi za mbao zimetengenezewa. Vitu vitatu vyote viko kinyume chako.

Msumeno wenyewe nao una mambo yake. Nimeona mafundi wameifunga ile kinga ya chini kwa kamba au kipande cha waya ili isiwasumbue. Ile ndiyo inayofunika meno ukiunyanyua. Ukiifunga wazi, ukaushusha msumeno chini bledi haijasimama, unatembea sakafuni kuelekea mguuni kwako. Subirini isimame kabisa. Ukiachia swichi bado inazunguka sekunde kadhaa.

Na ubao uliobana bledi usiulazimishe. Zima, chomoa, weka kabari kwenye mpasuo, ndipo uendelee.

---

Mkorosho_Newala

Shikamoo mafundi. Mimi ni mjenzi, najenga vijijini. Swali langu: mwaka jana nimeunguza drili mbili na randa moja. Nachukua umeme nyumba ya jirani kwa ekstensheni ya mita 50 kwenda saiti. Umeme hafifu au mashine feki?

---

FundiMagomeni

Marahaba kijana. Hebu nitajie waya wa hiyo ekstensheni una unene gani. Imeandikwa kwenye ganda la waya wenyewe, vinamba vidogo vya kuchapwa.

---

Mkorosho_Newala

Nimeangalia. 3 x 0.75.

---

FundiUmeme_Nachingwea

Naomba nilijibu hili, ni la kwangu.

Waya wa 0.75, yaani unene wa milimita za mraba 0.75, wa mita 50 ni wa taa, redio na chaji ya simu. Umeme unakwenda mita 50 na kurudi mita 50, jumla 100. Mashine ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9. Kwenye waya huo unapoteza takriban volti 20 njiani. Kama kwa jirani zinatoka 230, kwako zinafika 210. Kama jioni kwa jirani zimeshuka hadi 200, wewe unafanya kazi kwa 180.

Na hizo volti 20 hazipotei hewani. Zinageuka joto ndani ya waya, kama wati 175, karibu sawa na balbu tatu za zamani za wati 60. Sasa uuache waya umeviringwa kwenye gurudumu lake: joto lote liko sehemu moja, halina pa kutokea. Ganda linalainika, nyaya zinagusana, moto. Ekstensheni ifunguliwe yote hata kama mashine iko hatua mbili tu.

Kwa mita 50 na mashine kubwa tumia 2.5. Utapoteza kama volti 6 tu. Ni ghali, lakini piga hesabu ya drili mbili na randa.

Mashine ikikosa volti inakosa nguvu, fundi anaongeza kuikandamiza, inavuta ampia zaidi, na feni yake ya kujipoza inazunguka polepole. Inaungua kutoka ndani. Kompresa na mashine za mota kubwa ni mbaya zaidi, zinaweza kushindwa kuanza kabisa na kubaki zinavuma. Ukisikia mvumo bila kuzunguka, zima papo hapo.

Jambo jingine nililolikuta Liwale: fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi imeungua, mtu kaweka kipande cha msumari. Hapo umeondoa ulinzi wa waya mzima.

---

DadaSeremala_Lindi

Nashukuru kwa uzi huu, nimesoma kila mchango. Nina karakana ya fenicha Lindi, vijana wanne. Msumeno wetu wa meza, wa bodi ya chuma, unatutekenya. Si sana, ni kama sisimizi mkononi. Siku za mvua inazidi. Fundi aliyetufungia alisema ni kawaida ya mashine za chuma, tuvae viatu. Je, ni kweli?

---

FundiMagomeni

Dada yangu, si kawaida, izime. Angalia kibandiko cha mashine kama kina alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo maana yake ina ganda mara mbili na haihitaji ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), kwa hiyo ingekuwa salama hata kwa waya wa nyaya mbili. Kama haina alama, lazima ethi iwepo.

---

FundiUmeme_Nachingwea

Fundi Magomeni, kwenye alama uko sahihi. Lakini "salama" usiiache hivyo. Grainda yenye mraba ndani ya mraba ikijaa unga wa chuma ndani, ule unga unapitisha umeme. Ikilowa, hali ni hiyohiyo. Nimeshapima grainda ya namna hiyo iliyovujisha umeme kwenye kichwa cha gia, na mwenyewe aliamini haiwezi kupiga shoti kwa sababu ya alama.

Dada, msumeno wa meza wa bodi ya chuma kwa kawaida ni wa kufungwa ethi. Kutekenya maana yake umeme unavuja kwenye bodi na hauna njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mwili wenu. Leo sisimizi, kesho kijana amesimama peku kwenye sakafu iliyolowa na mkono umeshika chuma. Sakiti breka haitamsaidia. Breka ya ampia 32 inangoja umeme uzidi ampia 32. Mwili unaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya ampia moja.

Kinachookoa hapo ni kifaa kinachoitwa RCD. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa milliampia 30 tu, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za ampia, kinakata kufumba na kufumbua. Kina kitufe kimeandikwa T. Kibonyezeni kila mwezi, kisipokata, kimekufa. Kuna vya kufunga kwenye boksi la breka na kuna vya kuchomeka kwenye soketi, hivyo fundi wa saiti anaweza kutembea nacho. Lakini RCD haichukui nafasi ya ethi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime vyote viwili, asitazame kwa macho tu.

---

FundiMagomeni

Nimekubali, mkuu. Na kwa kweli grainda zangu nazipuliza kwa kompresa kila Jumamosi, lakini nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili ya mota tu, sikuwaza kuvuja. Ahsante.

Wanaopuliza: plagi nje, miwani usoni, na msielekeze upepo kwa mtu.

---

Mkorosho_Newala

Nimeelewa kuhusu waya, natafuta wa 2.5. Swali la mwisho: randa haijaungua kabisa, inatoa cheche nyingi kwenye matundu ya nyuma na harufu. Niitupe?

---

FundiMagomeni

Usiitupe. Anza na kaboni.

Chomoa. Pembeni nyuma kuna vifuniko viwili vya plastiki vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande. Fungua taratibu maana spring inaruka. Kaboni ni kile kijiwe cheusi cha mstatili. Kikiwa kimebaki milimita 5 au 6, au kimefika kwenye mstari wake wa alama, kimeisha. Nenda nacho dukani mkononi, usiende na namba ya kukariri, upate saizi ileile. Badilisha vyote viwili kwa pamoja hata kama kimoja kinaonekana kizima.

Kaboni mpya lazima iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama na bila kucheza. Wengi tunanunua kubwa na kuisugua kwa msasa. Ukiisugua vibaya inabana, spring haiwezi kuisukuma, cheche zinarudi palepale. Ikiteleza vizuri, iwashe bila mzigo dakika chache ili uso wake ujichonge kufuata duara la shaba. Cheche chache za rangi ya chungwa si tatizo. Zikiwa za bluu na zinazunguka duara zima hata na kaboni mpya, hapo amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, imeumia, mpelekee fundi wa kusuka mota.

Ukiwa umeifungua, shika ekseli uizungushe kwa mkono. Ikikwaruza kama kuna mchanga, beringi imekwisha. Beringi mbovu inaitikisa amecha, amecha inakula kaboni, na wewe utabadilisha kaboni kila mwezi ukilaumu duka. Kwenye gia weka grisi, kama nusu ya nafasi iliyopo. Oili chafu ya pikipiki haifai, inachuruzika mpaka kwenye mota.

Na hapa kwetu chumvi. Mashine iliyolala juu ya saruji Mikindani au Kilwa Kivinje inaota kutu kwenye swichi kabla ya kuota nje. Ziwekeni juu ya rafu, zifutwe kwa kitambaa kikavu. Waya usiufunge kwa kuukunja shingoni mwa mashine. Pale unapoingilia ndipo unapokatikia ndani, na kuzungushia tepu hakurudishi ganda. Kata kipande kilichokufa, uunge upya ndani ya mashine.

---

MchongajiMikindani

Mimi nachonga mpingo, siku hizi kazi ya kwanza tunafanya kwa grainda kabla ya kushika patasi. Hakuna aliyetaja vumbi. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, baba yangu alikohoa miaka mingi. Nilikuwa nafunga kitambaa puani mpaka nesi mmoja akaniambia vumbi laini linapita humo. Sasa navaa barakoa ya chujio inayobana pande zote. Vumbi la mbao liliwekwa na wataalamu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanyeni kazi upepo ukitoka mgongoni.

Masikio pia. Grainda ikipiga desibeli 100, kipimo salama ni robo saa kwa siku bila kinga. Sisi tunashinda nayo.

---

SeremalaMasasi

Kweli kabisa. Na macho: miwani ya jua siyo kinga, cheche inaingia pembeni. Kipande cha chuma kikiingia jichoni usisugue wala usitoe kwa ncha ya kitambaa. Kinaanza kutoa kutu humo humo ndani ya saa chache. Hospitali siku hiyohiyo.

Nguo nazo. Glavu za kitambaa kwenye drili ya meza zinavutwa na biti pamoja na vidole. Hapo mikono mitupu, kazi ibanwe kwenye jiliwa.

---

DadaSeremala_Lindi

Nimerudi wakuu. Leo fundi mwenye leseni amekuja na mita yake. Amefungua soketi ya msumeno mbele yetu sote. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma ya soketi, haujashikwa popote. Miaka mitatu. Kwenye soketi nyingine mbili ni hivyohivyo. Na nje, fimbo ya ethi ipo, lakini kishikio chake kimeliwa na kutu, ukikigusa kinabaki mkononi.

Vijana wangu wawili walikuwa wanafanya kazi peku kwa sababu ya joto. Nimekaa chini nikashindwa kuongea.

Ameshaunganisha soketi tatu, fimbo mpya inapigwa kesho asubuhi, RCD ameenda kuitafuta mjini.

---

FundiUmeme_Nachingwea

Hongera kwa kufungua, dada. Msumeno usiwashwe leo, hata kwa mbao mbili za haraka. Fimbo ikishapigwa mwambie apime ukinzani wa ardhi akuandikie namba kwenye karatasi, apime na ukinzani wa ganda la mota, maana bado kuna kinachovujisha. Kuunganisha ethi hakujauponya msumeno wenyewe. Ukipata hizo namba mbili zilete hapa tuzisome pamoja.

---

DadaSeremala_Lindi

Sawa. Plagi nimeichomoa, nimeifungia kwenye droo, ufunguo ninao mimi.